Popo wa Valencia na Walinzi wa Mila

Wahispania wana neno lao la kebehi, americanada, ambalo hulitupia kila kitu wanachokiona kimenuka Marekani kupita kiasi: filamu ya milipuko na bendera, maboga ya kuchongwa mwishoni mwa Oktoba, mauzo ya bei ya kutupa mwishoni mwa Novemba. Neno hilo halikosi kuwafikia vijana na watu wazima wa Valencia ambao mwisho wa wiki hubeba mabegi makubwa, wakavaa kofia ngumu zenye vyuma mbele ya uso na kinga za mabega zinazowafanya waonekane wapana maradufu, wakateremka uwanjani kucheza mpira wa Kimarekani. Mswahili angeyafupisha maneno ya wasutaji hao kwa methali: mwacha mila ni mtumwa. Methali yenyewe haina kosa. Kosa ni la wanaoitia kinywani bila kuuliza kwanza mila ni ipi, ya nani, na nani hasa aliyeiacha.

Ili shauri hili lihukumiwe kwa haki, na patajwe kwanza mahali penyewe, kwani mahali ni nusu ya ushahidi. Valencia ni mji wa bandari ulio pwani ya mashariki ya Hispania, na kwa karne nyingi mto Turia ulipita ubavuni mwa mji mkongwe, ukinywesha mashamba na bustani, na mara kwa mara ukiua. Tarehe 14 Oktoba 1957 mto ulifurika ukaingia mjini. Watu wasiopungua 81 walikufa. Serikali ya Franco ikaamua kuuhamisha mto mzima. Ukachimbwa mfereji mpya kusini ya mji, na ule ulalo wa zamani ukabaki mkavu, umepita katikati ya majumba kama mshipi mpana uliovuliwa na mwenyewe. Wakuu wakataka kuweka humo barabara kuu ya magari. Wenyeji wakakataa. Katika miaka ya 1970, zama ambazo kukataa kulikuwa na gharama yake, walisimama wakasema kwamba ulalo wa Turia ni wao na wanautaka uwe wa kijani. Kilichopatikana ni bustani, ambayo msanifu Ricardo Bofill aliichorea ramani mwaka 1982 na sehemu ya kwanza ikafunguliwa mwaka 1986: kilomita zipatazo 9 za miti, njia na nyasi, zinazopita chini ya madaraja ya mawe yaliyojengwa kwa ajili ya maji ambayo hayapiti tena. Mafuriko ya tarehe 29 Oktoba 2024, yaliyoua watu zaidi ya 220 katika jimbo la Valencia, yaliupita kando mji wenyewe kwa sababu ya mfereji ule mpya, yakavilemea vitongoji vya upande wa pili. Mto haukurudi katika bustani usiku ule, huku Paiporta ikizama kwenye matope.

Ndani ya ulalo huo vimo viwanja vya michezo, na humo ndimo mpira wa Kimarekani wa Valencia ulimopata makazi kwa miaka mingi. Kwa maneno mengine, wanaoitwa watumwa wa ugeni wanacheza juu ya ardhi ambayo watu wa mji waliitoa kinywani mwa dola kwa kelele zao wenyewe. Wasutaji wengi hukaa barazani kwa kahawa, hatua chache kutoka hapo, na hili hawalitaji.

Timu yenye jina kubwa zaidi huitwa Firebats. Ilianzishwa katika miaka ya 1990, na imepata kuwa bingwa wa Hispania zaidi ya mara moja. Kando yake ipo nyingine iitwayo Giants. Si timu za mishahara. Kwa desturi ya klabu za namna hii mchezaji hulipa ada ili acheze, hujinunulia kofia na kinga zake, hupanda basi kwenda Badalona au viungani mwa Madrid, hupigwa mieleka mchana kutwa, kisha Jumatatu hurudi dukani, gereji au chuoni. Watazamaji ni mama, mchumba, rafiki, na wapita njia wa bustanini waliosimama kidogo kushangaa. Magazeti ya michezo ya nchi hiyo, ambayo yanaweza kuandika ukurasa mzima juu ya msuli wa paja la mchezaji mmoja wa kandanda, huwapa mistari michache wakibahatika.

Jina Firebats maana yake ni popo wa moto, na hapo wasutaji hupata furaha yao: hata jina ni la Kiingereza! Ni kweli, ni la Kiingereza. Lakini huyo popo ni nani? Ni yule yule anayekaa juu ya nembo ya mji wa Valencia tangu karne zilizopita, na ambaye klabu za kandanda za Valencia na Levante zimemtia katika nembo zao. Ngano husema kwamba popo ndiye aliyeiamsha kambi ya mfalme Jaume wa Kwanza usiku wa kuviziwa, alipokuwa akiuhusuru mji huo uliokuwa mikononi mwa Waislamu, na ukaanguka mwaka 1238. Na moto? Huu ni mji ambao kila mwaka, usiku wa tarehe 19 Machi, huyachoma hadharani masanamu makubwa yaliyowagharimu mafundi miezi na miezi ya kazi, katika sikukuu ya Fallas, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya urithi mwaka 2016. Anayetaka kusema kwamba popo na moto vimekutana kwa sadfa, na aseme. Anayetazama vizuri ataona watu waliovaa koti la mgeni, na chini yake wamejifunga kikoi cha kwao.

Wasutaji wanapoulizwa mchezo wa kwao ni upi, hujibu bila kusita kuwa ni kandanda. Jibu hili ndilo linalowaangusha. Kandanda haikuota katika udongo wa Hispania kama mzeituni; iliteremka melini. Klabu kongwe kuliko zote nchini humo, Recreativo ya Huelva, iliundwa mwaka 1889 na watu waliokuwa karibu na Waingereza wa migodi ya Rio Tinto. Klabu ya Bilbao hadi leo huitwa Athletic, kwa tahajia ya Kiingereza kabisa, na mtu wa Bilbao akisikia mgeni ameiita Atlético hukunja uso. Sababu anayo. Jina Atlético walitwishwa mwaka 1941, utawala wa Franco ulipokuwa ukipiga vita maneno ya kigeni, nao wakalipata tena jina lao la zamani mwaka 1972. Yaani jina la kigeni ndilo lililokuwa la wenyewe, na jina la Kihispania ndilo lililokuja kwa amri. Walinzi wa mila wa kila nchi wangefaa wakae kitako juu ya kisa hiki kabla ya kunyanyua kidole.

Wako waliojaribu kuufasiri mchezo kwa hiari na kwa mapenzi. Klabu moja ya Sevilla, Real Betis, hadi leo hubeba mwishoni mwa jina lake neno Balompié, mpira wa mguu, lililotungwa ili likae mahali pa neno la Kiingereza. Neno zuri, lenye mizani na mwendo. Limebaki limetundikwa ukutani kama upanga wa babu. Watu husema fútbol, na hawajioni watumwa kwa kusema hivyo.

Basi inatakiwa ipite miaka mingapi mpaka mgeni ahesabiwe mwenyeji? Ikiwa ni mia, wasutaji watuwekee kalenda. Ikiwa ni wingi wa watu, basi wakubali kwamba hawasemi juu ya mila, wanasema juu ya soko.

Na soko ndilo linalostahili kuzungumzwa. Klabu kubwa ya kandanda ya Valencia, yenye popo nemboni, tangu mwaka 2014 iko mikononi mwa Peter Lim, tajiri wa Singapore. Uwanja wake mpya ulianza kujengwa mwaka 2007, kazi ikasimama mwaka 2009, na kwa zaidi ya miaka 15 gofu la saruji lilisimama pembezoni mwa barabara kuu bila mlango wala mchezo, hadi ujenzi ulipoanza tena Januari 2025. Mashabiki wameandamana mara nyingi dhidi ya mwenye mali. Na mabango yao ya njano, yale yaliyojulikana kuliko yote, yaliandikwa kwa lugha gani? Kwa Kiingereza, yakimtaka Lim arudi kwao. Waliona kwamba anayesomewa shitaka hasomi Kihispania wala Kivalencia. Huo hasa ndio msiba wa kuporwa cha kwako: popo ni wa mji, nyimbo ni za mji, machozi ni ya mji, na ufunguo wa nyumba uko katika mfuko wa mtu aliye ng'ambo ya bahari mbili. Timu ya bustanini, yenye jina lake la kuazima, haina mtu wa kumwandikia bango, kwa kuwa wenye nyumba ndio hao hao wanaochora mistari ya chokaa.

Uko mchezo wa Valencia uliozaliwa pale pale, ambao hakuna mgeni anayeweza kuudai. Ni pilota, mpira mdogo mgumu wa ngozi unaopigwa kwa kiganja kitupu, mkono ukiwa umefungwa vitambaa na gundi. Kiwanja chake cha mjini, Trinquet Pelayo, kilichofunguliwa mwaka 1868, kiko karibu na stesheni kubwa ya reli. Kuta ndefu, ngazi ubavuni ambako watazamaji hukaa ndani ya mchezo wenyewe na mpira ukiwajia huwapata kifuani. Timu moja huvaa nyekundu na nyingine buluu. Ni mchezo wa fahari, na wenye lugha yake, hesabu yake na wazee wake. Sasa na waulizwe wasutaji, mmoja mmoja: mara ya mwisho kupanda ngazi za Pelayo ilikuwa lini? Wengi wao wana kadi ya kandanda na runinga ya kulipia. Wameiacha mila kwa miguu yao, kisha wakaenda kumtafuta mwizi wake katika ulalo wa mto. Kijana aliyevaa kofia ngumu hakukipunguza kiti hata kimoja cha Pelayo. Waliovipunguza ni mamia kwa maelfu ya wale waliokaa nyumbani wakitazama ligi kubwa.

Wapenzi wa mashairi wana sababu ya ziada ya kuikataa hoja ya wasutaji, kwani nchi hiyo hiyo iliwahi kulitolea shauri hili ushahidi wa kale. Valencia ilipokuwa Balansiya, nchi yake ilimtoa Ibn Khafaja wa Alzira, aliyeishi baina ya mwaka 1058 na 1138, mshairi aliyezisifu bustani na mito hata akapewa lakabu ya al-Jannan, mtunza bustani. Hizo zilikuwa zama za washairi wa Andalus waliokuwa wakisuka muwashshah, utungo ambao kanuni yake ingemtoa jasho mlinzi wa mila. Utungo husukwa kwa Kiarabu fasihi tangu mwanzo, kisha kituo chake cha mwisho, kiitwacho kharja, huachiwa kishuke mtaani: mara nyingi kwa Kiarabu cha sokoni, na mara nyingine kwa lugha ya wenyeji iliyozaliwa na Kilatini, aghalabu kikitiwa kinywani mwa msichana. Yaani mshairi fundi alikuwa akienda kuazima kilicho duni machoni pa wakubwa, akakiweka mahali pa heshima kuliko pote, mwishoni, ambako sikio hubakia.

Wasutaji walikuwepo hata siku hizo. Ibn Bassam, mkusanyaji mkubwa wa fasihi ya Andalus katika karne ya 12, alikataa kuzitia tungo hizo katika kitabu chake kwa hoja kwamba nyingi hazikufuata bahari za Waarabu. Kitabu chake kipo na kinaheshimiwa. Muwashshah nazo zipo, zinaimbwa Aleppo, Cairo na Maghrib, na hakuna anayeuliza tena kama ni za wenyewe.

Lugha zenyewe zimefanya vivyo hivyo bila kuomba ruhusa. Mhispania akisema hasta na Mswahili akisema hata, wote wawili wamekinga vikombe katika kisima kimoja cha Kiarabu. Mkuu wa mji wa Hispania, alcalde, na kadhi wa Unguja ni ndugu wa mama mmoja waliosomea kazi mbalimbali. Azúcar ni sukari, aceituna ni zeituni. Hakuna Mhispania anayeona kwamba akitia azúcar katika kahawa yake ameingia utumwani. Wala Unguja haihitaji kusomeshwa jambo hili. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash alimtuma Mohammed Ibrahim aende Cairo akajifunze kupiga kanuni; na walioiunda Ikhwan Safaa mwaka 1905 hawakuwa walioajiriwa na kampuni, walikuwa watu waliopenda, wakachanga, wakaagiza ala kutoka Misri, wakakaa jioni wakajifunza. Atakayesema leo kwamba taarab ni kuiga Wamisri atachekwa hadi na watoto. Kilichoigeuza kuwa ya hapa si umri peke yake, ni kwamba wapigaji na wenye chombo walikuwa watu wale wale.

Hadi hapa maneno yamekuwa ya majina na nasaba. Lililo zito zaidi ni la miili, na hili wasutaji hawalifikii kabisa kwa sababu hawajateremka kutazama.

Katika ua wa skuli ya Kihispania, kama ilivyo katika skuli nyingi za dunia, kandanda huwachagua watoto kwa kuwatenga. Wepesi mbele, wazito golini, na mzito asiyejua kudaka hulinda mabegi ya wenzake. Anakua hivyo, na mwili wake unakuwa jambo ambalo kila mtu ana rai juu yake: daktari, mwalimu, shangazi, muuza nguo. Mpira wa Kimarekani una kazi ambayo haiwezi kufanywa na mtu mwingine ila huyo. Kila timu ina watu 11 uwanjani, na katika timu inayoshambulia, 5 kati yao husimama mstari mmoja mbele ya mrusha mpira. Kanuni haziwaruhusu, katika mchezo wa kawaida, kupokea mpira wa kurushwa. Mchezaji wa mstari huo anaweza kucheza msimu mzima asiuguse mpira hata mara moja, isipokuwa yule wa katikati anayeuanzisha kwa kuupitisha baina ya miguu yake. Wajibu wao ni kumzuia adui kwa sekunde mbili tatu, ili mwenzao aliye nyuma apate kunyanyua kichwa na kuona. Timu hupewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Na kila jaribio huanza na wazito hao kuinama, mkono mmoja chini, pumzi zikitoka kama ng'ombe wa mkokoteni asubuhi ya baridi.

Mtu wa kilo 120, ambaye maisha yake yote ameambiwa apungue, hapa huambiwa asimame. Huambiwa asihame. Uzito wake, ule ambao ulikuwa aibu ya ufukweni, unageuka kuwa ukuta ambao mtu mwingine anaishi nyuma yake. Na jina lake halitangazwi: akifanya kazi yake barabara hakuna anayemwona, akikosea mara moja kila mtu amemwona. Mshairi anayejua kazi ya kizibo katika ubeti, silabi ile isiyosifiwa na mtu lakini ikikosekana mstari mzima huanguka, hana haja ya kuelezwa zaidi. Kandanda haikuwa na nafasi kwa mwili huo. Pilota haikuwa nayo. Mila, ikiwa ndiyo hiyo inayolindwa, ilikuwa imemwacha mtu huyu zamani kabla yeye hajaiacha.

Iko hoja moja nzuri dhidi ya mchezo huu, nayo ni ya vichwa. Kugongana kwa kofia kuna madhara; mwaka 2013 ligi kubwa ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 765 kwa ajili ya wachezaji wake wa zamani walioishitaki kwa kuumia ubongo, na baadaye kikomo hicho kikaondolewa. Anayewapenda vijana wa Valencia ana haki, bali ana wajibu, wa kuuliza nani anayewapima wakianguka na nani mwenye ujasiri wa kumtoa uwanjani mchezaji bora wakati timu inafungwa. Wasutaji wangeishika hoja hii wangekuwa na silaha. Hawaishiki. Wanachokijali ni nembo, vichwa haviwashughulishi.

Tena ni watu wale wale ambao Marekani ilipokuja na tarumbeta walikuwa mstari wa mbele. Mwaka 1991 ligi ya Marekani ilipojaribu kufungua tawi Ulaya, iliweka timu ya kulipwa Barcelona, Dragons, katika uwanja wa Montjuïc uliokuwa ukiandaliwa kwa Olimpiki ya 1992. Timu ilifika fainali mwaka ule ule, ikafungwa na London mabao 21 kwa 0 pale Wembley. Tawi lote lilisimamishwa baada ya msimu wa 1992, likafufuliwa 1995, na mwaka 1997 Dragons wakatwaa kombe katika uwanja wao wenyewe. Wachezaji wengi walikuwa Wamarekani walioletwa kunolewa na kurudishwa. Miongoni mwa wenyeji alikuwemo Jesús Angoy, aliyekuwa golikipa wa kandanda wa Barcelona kabla ya kwenda kupiga mateke mpira wenye ncha mbili. Baada ya msimu wa 2003 wenye mali wakafanya hesabu, wakaifunga timu, na kiti chake kikapelekwa Ujerumani. Mwaka 2007 wakaifunga ligi yenyewe. Hawakuuliza mtu yeyote Barcelona, na hawakuwa na sababu ya kuuliza, kwa kuwa wenyeji walikuwa wanunuzi wa tiketi tu.

Nani alibaki? Zilibaki klabu za kuchanga: Badalona, L'Hospitalet, Las Rozas, Valencia. Walibaki waliokuwa wakilipa ili wacheze, si waliokuwa wakilipa ili watazame.

Kisha tarehe 16 Novemba 2025 tarumbeta zikarudi. Ligi kubwa ilicheza kwa mara ya kwanza mchezo wake rasmi katika ardhi ya Hispania, katika uwanja wa Santiago Bernabéu mjini Madrid, na Miami ikaishinda Washington 16 kwa 13 katika muda wa ziada. Uwanja ulijaa. Wanasiasa walipiga picha, hoteli zilipandisha bei, na kalamu zile zile zilizozoea neno americanada ziliandika juu ya heshima kubwa iliyopewa nchi. Hapa ndipo unafiki ulipovua shati. Kitu kilipofanywa na watu wa mtaani kwa pesa zao kilikuwa ukasuku. Kilipoletwa kimefungwa tayari, pamoja na risiti, kikawa heshima. Mwenye kuuza ulimi wake kwa namna hiyo ana uso gani wa kumwita mtu mwingine mtumwa? Mtumwa, ikiwa ni lazima neno hilo litumike, ni yule ambaye amebakishiwa macho na mfuko. Aliyebaki na mikono, mabega na haki ya kuchagua mwenyekiti wa klabu yake bado ni mtu huru, hata kama kofia yake imetoka kiwandani Marekani.

Haina maana kwamba watu wa bustanini hawana la kulaumiwa. Wanalo, na ni la lugha. Mpira wa Kimarekani haukuanza kuzungumza Kihispania juzi. Meksiko wameucheza kwa zaidi ya miaka mia, vyuo vikuu vyao viwili vikubwa vya mji mkuu vina uhasama wa mchezo huo unaojaza viwanja, na Wameksiko hawakukubali kuumeza mchezo pamoja na maganda yake. Mrusha mpira wamemwita mariscal de campo, jemadari wa uwanja, jina lenye mkogo wa farasi na bendera. Mlinzi wa pembeni ni esquinero, mtu wa konani. Timu ikifanikiwa kusogea zile yadi 10 na kupata majaribio mapya, mtangazaji hupaza sauti: primero y diez! Mpira ukimponyoka mtu ni balón suelto, mpira uliofunguliwa kamba. Huo ni msamiati kamili, uliopikwa na watu wa lugha hiyo hiyo, unaosubiri kuchukuliwa bure. Lakini ukisimama kando ya kiwanja cha Hispania utawasikia makocha wakipiga kelele za quarterback, fumble na touchdown, kwa matamshi ambayo Mmarekani hawezi kuyafahamu na bibi yao hawezi kuyarudia. Kwa nini? Haiwezekani kuwa ni uvivu peke yake. Watu wanaoamka alfajiri kuchora mistari si wavivu. Panaonekana hapo kiburi kidogo cha Mhispania wa kale, kwamba Kihispania cha Meksiko ni cha mtoto, na mzazi haazimi kwa mtoto. Basi wanaruka juu ya kichwa cha ndugu yao kwenda kuazima kwa jirani wa ndugu.

Hilo ndilo shitaka ambalo lingesimama mahakamani, na ni ajabu kwamba walinzi wa mila, wanaojidai kuipenda lugha, hawajawahi kulifungua. Kwa sasa, katika kelele zote zinazopanda kutoka ulalo wa Turia, liko neno moja tu la mchezo ambalo bibi aliyekaa kwenye benchi na mbwa wake anaweza kulishika. Mtu akiangushwa chini husemwa kuwa amepigwa placaje. Hilo nalo waliliazima kwa watu wa raga, ambao waliliazima kwa Wafaransa.